Barua ya wazi: Tupimeni tukiwa kazini, si tukiwa likizo

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni,
Daktari wa Afya ya Wafanyakazi,
Wajumbe wa Jopo la Madai ya Magonjwa ya Kazini.

YAH: UPIMAJI WA PUMU INAYOTOKANA NA KAZI KATIKA KIWANDA CHA MIKATE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati ya usalama na afya. Suala hili si geni mezani kwenu. Limesemwa vikaoni, limeingia kwenye kumbukumbu za vikao hivyo, limeandikiwa barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa na zikabaki huko huko. Jibu la mwisho lililotufikia lilikuwa sentensi moja: vipimo vimefanyika na wahusika wameonekana wazima. Kwa kuwa sentensi hiyo ndiyo kiini cha malalamiko yetu, na kwa kuwa wanaoumizwa nayo ni wengi kuliko wanaoingia vikaoni, nimeona niijibu hadharani.

Sisemi kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Vipimo vilifanyika kweli, na karatasi zinasema wazima. Ninachokipinga ni siku mliyochagua kuwapima watu hao, mahali mlipowapimia, na mara ngapi. Pumu ya kazini huja na kuondoka. Mirija ya hewa hubana mtu akiwa kwenye vumbi, au saa kadhaa baada ya kutoka, kisha hufunguka akikaa mbali nalo. Anayempima mgonjwa mara moja tu, zahanati, asubuhi ya siku ambayo hakuingia zamu, ana nafasi kubwa ya kukuta mapafu yanayopuliza vizuri. Ni sawa na kulinda shamba mchana ilhali nguruwe huja usiku.

Naomba mkumbuke jinsi ugonjwa huu unavyoanza, maana wengi wenu hamfiki kwenye chumba cha kukandia. Anayemimina magunia, anayechekecha unga na anayenyunyiza unga mezani hufanya kazi miezi, pengine miaka, bila shida yoyote. Halafu anaanza kupiga chafya. Macho yanawasha, pua inatiririka, anadhani ni mafua. Baadaye kifua kinabana na kupiga miluzi. Kwa baadhi yao kubanwa huko huja saa nne hadi nane baada ya kuvuta vumbi, yaani akiwa kitandani. Anayesikia kikohozi hicho ni aliyelala naye chumba kimoja, si msimamizi wa zamu. Ndiyo maana msimamizi anaweza kuapa mbele ya kamati kwamba hajawahi kumwona mtu akikohoa, na asiwe amesema uongo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mfanyakazi anapimwa mara moja, tena siku isiyo yake.

Spirometa iliyopo zahanati, yaani mashine inayopima kiasi na kasi ya hewa mtu anayopuliza, ni kifaa kizuri na simwambii daktari aitupe. Tatizo ni namna matokeo yake yanavyotumika kufunga jalada. Namba anazotoa mtu hulinganishwa na jedwali la makadirio linaloangalia umri, jinsia na urefu. Jedwali halijui mtu huyo alikuwa akipuliza kiasi gani kabla vumbi halijaanza kumdhuru. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu ambaye kasi yake ya kawaida ni lita 600 kwa dakika akishuka hadi 500 amepoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi ya pumzi yake, na bado jedwali linaweza kumwita mzima. Mtu huyu hatakiwi kulinganishwa na jedwali. Anatakiwa kulinganishwa na yeye mwenyewe: siku za kazi dhidi ya siku za mapumziko, saa kwa saa, wiki kadhaa.

Kifaa cha kufanya hivyo si kigeni. Ni kipima kasi ya pumzi, kile kibomba cha mkononi chenye mshale na namba, ambacho mtu hukipuliza kwa nguvu mara moja kama anayezima moto. Cha kwanza kilichoenea kilibuniwa na Martin Wright huko Uingereza mwaka 1959, na chenye umbo dogo la kubeba mfukoni kikafuata miaka ya 1970. Hakihitaji umeme. Kwa miongo mingi sasa madaktari wa magonjwa ya kazini wanakitumia kwa kazi hii hii tunayoiomba.

2. Mfanyakazi huondolewa kazini kwanza, kisha ndipo hupimwa.

Hili linaonekana kuwa la huruma, na naamini baadhi yenu mnalifanya kwa nia njema. Mtu analalamika kifua, anaambiwa akapumzike, na akirudi kutoka mapumzikoni ndipo anapelekwa kwa daktari. Kwa maneno mengine, anatakiwa apate nafuu kwanza ndipo achunguzwe kama anaumwa. Akishaonekana mzima, madai yake yanafungwa na anarudishwa palepale kwenye magunia.

Kwa mtu ambaye hali yake si ya hatari, ushahidi bora hupatikana akiwa bado anafanya kazi yake ya kawaida huku akipima. Akishahamishwa, dirisha hilo hufungwa, na kulifungua tena maana yake ni kumrudisha makusudi kwenye kitu kinachomdhuru. Aliyezidiwa, anayeamka usiku akihema au aliyewahi kukimbizwa hospitali, huyo aondolewe mara moja bila kusubiri chati yoyote ya namba za pumzi yake. Kuamua nani yuko upande gani ni kazi ya daktari, si ya msimamizi wa zamu wala ya ofisi ya utumishi.

3. Vipima-pumzi vilipotolewa, vilitolewa kama kalamu.

Nakiri kwamba baada ya malalamiko ya awali baadhi ya wafanyakazi walipewa vifaa hivi. Walipewa pamoja na karatasi yenye mistari mitupu. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kupuliza, hakuna aliyewaambia wapime saa ngapi, na karatasi ziliporudi zikiwa na namba moja kwa siku, zilikataliwa kwa kuwa hazitoshi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo mengi yalipoharibikia.

Kupuliza kwenyewe kuna utaratibu wake. Mshale unarudishwa sifuri. Mtu anasimama au anakaa wima, mkao ule ule kila mara. Anavuta pumzi mpaka mwisho, anafumba midomo kuzunguka mdomo wa kifaa, anapuliza kwa ghafla na kwa nguvu zote. Hufanya hivyo mara tatu na kuandika namba kubwa kuliko zote, si wastani. Kama namba mbili kubwa zinapishana kwa zaidi ya lita 20 kwa dakika, anapuliza tena, maana hapo kuna pumzi iliyovuja au nguvu iliyopungua. Kipima-pumzi kinabaki kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vifaa viwili vinaweza kutoa namba tofauti kwa mtu yule yule.

Saa za kupima ni jambo la pili. Inayofaa zaidi ni kila baada ya saa mbili kuanzia mtu anapoamka hadi anapolala, na ikishindikana isipungue mara nne kwa siku: anapoamka, katikati ya zamu, anapomaliza zamu na kabla ya kulala. Siku za mapumziko anapima vivyo hivyo, na hapa ndipo watu wengi huacha, wakidhani siku isiyo ya kazi haina habari. Bila siku hizo hakuna cha kulinganisha. Chati inayofaa huchukua takriban wiki nne, na ikiwezekana iwe na siku kadhaa za mapumziko zilizofuatana, maana wapo ambao mapafu yao hayarudi katika siku mbili.

Dawa nazo zina kanuni. Anayetumia dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, kama salbutamoli, apime kabla ya kuivuta. Anayetumia steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, aendelee na kiwango kile kile kipindi chote. Daktari akimwongezea dawa katikati ya chati, namba zitapanda na hakuna atakayejua zimepandishwa na mapumziko au na dawa. Akipata maambukizi ya kifua, aandike pembeni, na ikibidi chati ianzwe upya.

Na karatasi iwe na nafasi ya kuandika kazi aliyofanya siku hiyo. "Zamu ya asubuhi" haitoshi. Kumimina magunia na kufunga mikate iliyopoa ni kazi mbili tofauti kabisa kwa mapafu, ingawa kwenye orodha ya mahudhurio zinaonekana sawa.

4. Chati zikifika, hakuna anayezisoma.

Chati zimo kwenye majalada, tumeziona. Hakuna hata moja iliyochorwa mstari. Namba mia mbili zilizopangwa kwenye safu hazisemi kitu mpaka mtu azichore: kubwa ya siku, ndogo ya siku na wastani wa siku, huku siku za kazi zikiwekewa kivuli.

Zikishachorwa, mifumo hujitokeza. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kasi ya pumzi huwa chini anapoamka na hupanda kuelekea alasiri. Ambaye mstari wake unashuka kadiri zamu inavyosonga, kisha siku za mapumziko unapanda kama wa wenzake, anatuambia jambo. Mwingine hashuki ndani ya siku moja bali hupoteza kidogo kidogo kuanzia siku ya kwanza ya kazi hadi ya mwisho, na hurejea akipumzika. Wa tatu ndiye mgumu kuliko wote: anashuka, na siku mbili za mapumziko hazimtoshi kupanda. Mstari wake unaonekana umelala tu, na asiyejua kusoma atasema hakuna tofauti kati ya kazi na nyumbani. Huyo ndiye anayehitaji likizo yake ipimwe pia.

Anayefanya zamu ya usiku chati yake isomwe kwa saa za kuamka kwake, si kwa saa za ukutani, kwa sababu mwili wake umegeuza asubuhi na jioni.

Si lazima mtu akodoe macho peke yake. Madaktari wa Birmingham, Uingereza, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo OASYS inayolinganisha siku za kazi na za mapumziko na kutoa alama ya uwezekano kwamba kazi ndiyo chanzo. Tafiti zilizoipima zilionyesha kwamba chati zilizojazwa vizuri huwanasa takriban robo tatu ya wenye ugonjwa, na kwamba ni mara chache humtaja mtu ambaye hana. Maana yake ziko mbili, na zote nazisema ili nisionekane nachagua. Chati ikisema ndiyo, ichukuliwe kwa uzito. Ikisema hapana, bado wapo waliopitiwa, hivyo dalili zao zisitupwe.

Chati haitaji mkosaji kwa jina pia. Inasema kazi inadhuru, haisemi kama ni unga wa ngano au ni kimeng'enya, yaani protini ya kusaidia unga kuumuka, kilichochanganywa humo. Hapo ndipo vipimo vya ngozi na vya damu vya mzio vinapoingia, pamoja na kipimo cha methakolini, dawa inayovutwa ili kuona mirija inabana kwa urahisi kiasi gani, kinachofanywa mara mbili, mtu akiwa kwenye wiki za kazi na akiwa mbali nayo. Tunaomba hatua hizo zifuate chati. Kinachofanyika sasa ni kwamba kutokuwepo kwa vipimo hivyo hapa kiwandani kunatumiwa kama sababu ya kutofanya hata chati.

5. Anayegundulika ndiye anayeadhibiwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu anayeyafichua ndiye anayeumbuka. Wapo waliohamishiwa kazi ya malipo madogo, na wapo ambao mikataba yao haikuhuishwa. Kwa hiyo watu wanameza kikohozi. Hakuna upimaji utakaofanikiwa katika hali hii, hata mkileta vifaa kutoka mbinguni.

Na kuchelewa kuna gharama isiyolipika. Wanaotolewa mapema kwenye vumbi, mapafu yao yakiwa bado na nguvu, ndio wenye matumaini makubwa. Hata hivyo, miongoni mwa wanaoachana kabisa na kitu kilichowaletea pumu, takriban theluthi moja tu hupona kabisa. Waliobaki hubeba pumu yao kwenda nayo kazi nyingine, na uzeeni.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeyasikia.

Mtasema unga ni chakula, si sumu. Ni kweli, na mfanyakazi huyo huyo anaweza kula mkate bila kudhurika. Lakini tumbo na mapafu havipokei kitu kwa namna moja. Protini za ngano zikivutwa kama vumbi, na pamoja nazo alfa-amilesi, kimeng'enya kinachoongezwa ili mkate uumuke vizuri, mwili wa baadhi ya watu hujifunza kuzipiga vita, na tangu hapo kiasi kidogo tu kinatosha kufunga mirija. Wala hili si jambo la juzi. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1700 juu ya wasaga nafaka na waoka mikate wanaoharibiwa vifua na vumbi la unga, na ndiye aliyewasihi madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Zaidi ya miaka 300 baadaye, fomu ya zahanati yetu haina swali hilo.

Mtasema barakoa zimetolewa. Zimetolewa, nyingi za karatasi, zisizobana usoni. Hata iliyo bora haimtoshi mtu ambaye mwili wake umeshaanza kulipiga vita vumbi hilo, na haizuii vumbi linalorushwa na bomba la upepo wakati wa usafi.

Mtasema mfanyakazi anaweza kughushi namba. Anaweza, na imewahi kutokea kwingineko. Dawa yake ni vipima-pumzi vya kielektroniki vinavyohifadhi tarehe na saa ya kila pumzi. Ila niulize: kama hofu ni kughushi, mbona karatasi ya kipimo kimoja cha siku ya mapumziko haikuwahi kutiliwa shaka na yeyote?

Mtasema fulani alikuwa na pumu tangu utotoni. Inawezekana. Pumu ya zamani nayo huweza kuchochewa na kazi, na aliyekuwa nayo utotoni hajakingwa asipate nyingine ukubwani. Kwa watu wazima kwa ujumla, takriban asilimia 15 ya pumu hutokana na kazi. Chati itaonyesha kama kazi inamzidishia, na kama inamzidishia, wajibu wa kupunguza vumbi uko palepale.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Kipima-pumzi cha kawaida ni miongoni mwa vifaa rahisi kuliko vyote katika zahanati nzima.

Wala hatuombi hisani. Pumu iliyosababishwa na vitu vya kazini imo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, na tangu Juni 2022 shirika hilo limeyaweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Kila mfanyakazi mwenye dalili za kifua, au chafya na macho kuwasha yanayopungua akiwa mbali na kazi, apewe kipima-pumzi ndani ya wiki hiyo hiyo, afundishwe kukitumia, na aangaliwe akipuliza mpaka apatie.

(b) Apime wiki nne, siku za kazi na za mapumziko, na aruhusiwe kusimama dakika chache kila baada ya saa mbili bila kukatwa muda. Apimie nje ya chumba cha vumbi, asisimamiwe na bosi wake.

(c) Asihamishwe kazi kabla ya chati kukamilika, isipokuwa daktari akisema hali ni ya hatari au mfanyakazi mwenyewe akiomba.

(d) Chati zichorwe na kusomwa na daktari mwenye ujuzi wa magonjwa ya kazi, na mfanyakazi apewe nakala pamoja na maelezo kwa lugha anayoielewa.

(e) Jopo la madai lisikatae dai lolote la pumu kwa msingi wa kipimo kimoja. Madai yaliyokataliwa kwa msingi huo yafunguliwe upya, na kwa walioacha kazi, historia yao na vipimo vya mzio vizingatiwe kwa kuwa chati haiwezekani tena.

(f) Itolewe ahadi ya maandishi kwamba atakayegundulika hatapoteza ajira wala kupunguziwa malipo atakapohamishiwa mbali na vumbi.

(g) Wakati hayo yakiendelea, bomba la upepo lisitishwe kwenye usafi wa chumba cha kukandia na kifyonza vumbi kitumike. Hili halihitaji daktari, na linaweza kuanza zamu ijayo.

Tunaomba jibu la maandishi, kipengele kwa kipengele, kabla ya kikao kijacho cha kamati, na libandikwe kwenye ubao wa matangazo ili walio zamu ya usiku walisome pia. Kipengele mtakachokikataa, mtueleze sababu yake na jina la cheo cha aliyekikataa.

Wenu katika kazi,

Mwakilishi wa Wafanyakazi,
Kamati ya Usalama na Afya.

Nakala:
Wafanyakazi wa zamu zote.
Mkaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi.